Urisiti Masomo Mangapi? Mwongozo Kamili kwa Anayetaka Kuomba Chuo

Januari yakitoka matokeo ya kidato cha nne, na Julai yakitoka ya kidato cha sita, vituo vya tuisheni kote Tanzania hupokea watu wenye swali lilelile: nirisiti, yaani nirudie mtihani wa, masomo yote au machache? Jibu hutegemea umemuuliza nani. Kituo kinachotoza ada kwa kila somo kitakwambia saba. Mjomba aliyeziona F tatu atakwambia rudia yote, usafishe cheti. Jirani aliyefanikiwa kwa masomo mawili ataapa kwamba mawili yanatosha.

Mimi nasema hivi: idadi haianzii kwenye karatasi ya matokeo, inaanzia kwenye kozi unayoitaka. Ukishaijua kozi, unarisiti machache kadiri mlango unavyodai, unaongeza moja la akiba ikiwa muda upo, basi. Na kuhusu kusafisha cheti: cheti cha kwanza hakifutiki. Matokeo mapya hukaa pembeni ya yale ya zamani, na divisheni uliyopata shuleni inabaki ilivyokuwa. Unachokusanya unaporisiti ni madaraja ya masomo. Kwa hiyo F ya somo ambalo kozi yako hailihitaji iache ilipo.

Hatua ya kwanza: tafuta sifa za kozi kabla ya kugusa daftari

Kila mwaka TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, hutoa kitabu cha mwongozo wa udahili, kipo bure kwenye tovuti yao. Kuna cha wanaoomba kwa matokeo ya kidato cha sita na kuna cha wenye diploma au sifa linganishi. Pakua kinachokuhusu, tafuta kozi yako katika vyuo visivyopungua vitatu, kisha nakili sifa zake kwa mkono. Nasema kwa mkono kwa sababu ukizisoma kwenye simu unaruka maneno, na maneno yenyewe ndiyo yanayoamua.

Angalia mambo mawili. Kwanza, je, wametaja masomo fulani kwa majina, au wamesema mawili yoyote kati ya orodha ndefu? Udaktari wa binadamu, kwa mfano, hutaka Fizikia, Kemia na Baiolojia zote tatu, na kila moja imewekewa daraja la chini. Kozi nyingi za sanaa na jamii zina orodha pana, unachagua mawili uliyofaulu. Pili, soma mpaka mwisho wa mstari, maana huko ndiko hujificha sharti la kidato cha nne: Hisabati D au C, au Kiingereza. Kozi za uchumi na biashara hupenda kusema kwamba asiye na Hisabati ya kidato cha sita awe amefaulu BAM (hisabati ya msingi ya kidato cha sita), au awe na Hisabati ya kidato cha nne kwa daraja fulani. Mtu anaweza kuhangaika mwaka mzima na masomo ya kidato cha sita kumbe kinachomzuia ni Hisabati ya kidato cha nne aliyoipata F.

Kama bado hujui unataka kozi gani, chagua mbili zinazokaribiana uanze nazo. Anayetaka "chochote kitakachopatikana" ndiye huishia kurisiti masomo saba.

Hatua ya pili, kwa waliomaliza kidato cha sita: fanya hesabu mbili, siyo moja

Hapa ndipo watu wengi hupotea, kwa hiyo twende taratibu.

NECTA, yaani Baraza la Mitihani, na TCU wote wanazungumza pointi, lakini kila mmoja anahesabu kwa upande wake. NECTA wanatoa divisheni kwa masomo matatu ya kombi (mchepuo uliosoma): A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, E ni 5, S ni 6 na F ni 7. Pointi chache ndiyo nzuri. Kuanzia 3 hadi 9 ni divisheni ya kwanza, 10 hadi 12 ya pili, 13 hadi 17 ya tatu.

TCU wanageuza. Kwa waliomaliza kuanzia 2016, A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Pointi nyingi ndiyo nzuri, na sharti la jumla la kuingia shahada ya kwanza ni prinsipali mbili, yaani masomo mawili yenye daraja kati ya A na E, zikifika jumla ya pointi 4. S si prinsipali. GS (somo la Maarifa ya Jumla) haiingii kabisa kwenye hesabu hii, hata ukipata A.

Sasa angalia watu wawili waliosoma HGL.

Wa kwanza ana Historia D, Jiografia E, Kiingereza S. Kwa NECTA ni 4 + 5 + 6, jumla 15, divisheni ya tatu. Kwa TCU ni 2 + 1, jumla 3. Hana sifa.

Wa pili ana Historia C, Jiografia E, Kiingereza F. Kwa NECTA ni 3 + 5 + 7, jumla 15 vilevile, divisheni ya tatu vilevile. Kwa TCU ni 3 + 1, jumla 4. Ana sifa ya kuomba, ingawa ana F kwenye cheti na mwenzake hana.

Nyumbani wote wawili watapongezwa sawa. Kwenye mfumo wa maombi mmoja anapita na mwingine anazuiwa. Kwa hiyo kabla ya kusema "nina thrii, naenda chuo" au "nina F, lazima nirudie", kaa chini uhesabu kwa upande wa TCU.

Tumshughulikie yule wa kwanza. Amepungukiwa pointi moja tu. Njia zake ni hizi: Jiografia ipande kutoka E hadi D, au Historia ipande kutoka D hadi C, au Kiingereza kiruke kutoka S hadi D. Madaraja ya kidato cha sita yanakwenda hivi: A ni alama 80 na kuendelea, B 70 hadi 79, C 60 hadi 69, D 50 hadi 59, E 40 hadi 49, S 35 hadi 39. Jiografia inahitaji kupanda kwa alama zisizozidi 10. Historia ni hivyo hivyo. Kiingereza, kilichokwama kati ya 35 na 39, kinahitaji alama 11 hadi 15 ndipo kisaidie. Matokeo ya NECTA hayaonyeshi alama, yanaonyesha herufi tu, kwa hiyo hajui kama E yake ni ya 41 au ya 49. Ndiyo maana simshauri abebe Jiografia peke yake. Abebe Jiografia na Historia, Kiingereza akiache. Ikipanda moja, ana pointi 4. Zikipanda zote mbili, ana 5 na kozi zaidi za kuchagua. Masomo mawili, pepa nne.

Ila kama anataka ualimu wa Kiingereza au kozi ambayo sifa zake zinakitaja Kiingereza kwa jina, hesabu yote inageuka na Kiingereza ndicho kinakuwa cha kwanza. Ndiyo sababu hatua ya kwanza haikuwa hesabu.

Kwa PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia), mambo ni magumu zaidi. Mwenye Fizikia S, Kemia D na Baiolojia C ana pointi 5 za TCU tayari. Anaweza kuomba kozi zinazotaka Kemia na Baiolojia mwaka huohuo bila kurisiti chochote: ualimu wa masomo hayo, kilimo, mazingira na kadhalika. Udaktari ndio umemponyoka kwa ajili ya Fizikia. Akiutaka kweli, arisiti Fizikia, na aangalie kama Kemia ya D inakubalika kwenye vyuo anavyovilenga au nayo inatakiwa ipande. Kuirudia Baiolojia ya C kwa nia ya "kuing'arisha" huku Fizikia inamngoja ni kujipunguzia nguvu. Nafasi za udaktari zinagombaniwa, kwa hiyo kukidhi sharti la chini tu hakumhakikishii kuchaguliwa. Hilo alijue kabla hajautoa mwaka wake.

Hatua ya tatu, kwa waliomaliza kidato cha nne

Huku divisheni inahesabiwa kwa masomo saba bora: A pointi 1, B 2, C 3, D 4, F 5. Alama za madaraja: A 75 na zaidi, B 65 hadi 74, C 45 hadi 64, D 30 hadi 44, chini ya hapo ni F. C na kuendelea ndiyo krediti.

Chukua mtu mwenye Kiswahili C, Uraia C, Historia D, Jiografia D, Kiingereza D, Baiolojia D, na F za Kemia, Fizikia na Hisabati. Saba bora zinamletea 27, divisheni ya nne. Akiingia kituoni akiwa analia ataandikishwa masomo tisa, ambayo kwa hesabu ya pepa ni kumi na mbili, kwa kuwa Fizikia, Kemia na Baiolojia kila moja ina pepa ya nadharia na ya vitendo.

Mwulize kwanza anataka kufika wapi.

Akisema anataka kuwa tabibu, njia ni diploma ya utabibu, ambayo inataka ufaulu wa D nne zisizo za dini zikiwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Baiolojia anayo. Anarisiti Kemia na Fizikia, na lengo lake ni kufikisha alama 30 kwa kila moja. Masomo mawili. Akimaliza diploma kwa GPA (wastani wa alama za chuo) ya 3.0 au zaidi, mlango wa shahada unafunguka kwa kitabu kile cha sifa linganishi, bila kupita kidato cha tano.

Akisema anataka kidato cha tano, tuseme HGK (Historia, Jiografia na Kiswahili), anahitaji krediti tatu kwenye masomo ya kombi. Kiswahili anacho. Anarisiti Historia na Jiografia ili zifike 45. Hapa somo la tatu la akiba lina maana kubwa: Kiingereza. Jiografia ikigoma lakini Historia na Kiingereza zikakubali, ana HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza) mkononi. Historia ndiyo nguzo kwa sababu imo kwenye kombi zote mbili, kwa hiyo ndiyo apewe saa nyingi. Masomo matatu, pepa tatu, na kombi mbili za kukimbilia.

Ajue pia kwamba anayerisiti asikae akisubiri jina lake kwenye orodha ya TAMISEMI, wizara inayowapanga wanafunzi wa kidato cha tano. Wengi huendelea kwa shule binafsi au kwa kusoma kidato cha sita kama mtahiniwa wa kujitegemea. Bajeti ya hilo ianze kufikiriwa sasa, siyo matokeo yakishatoka.

Na Hisabati? Hisabati huongoza kwa F karibu kila mwaka, kwa hiyo swali hili nalisikia sana. Jibu langu: kama kozi yako inaitaja, ibebe na uipe nusu ya muda wako. Kama haiitaji, iache kabisa, bila aibu. Kuibeba nusunusu ndiyo njia mbaya kuliko zote, maana Hisabati inakula jioni zako na mwisho inakurudishia F ileile.

Hatua ya nne: pima muda wako halisi

Anayerisiti si mwanafunzi wa bweni. Yuko dukani, kwenye bodaboda, au nyumbani akilea mtoto. Chukua mtu anayepata saa mbili kila jioni, siku tano kwa wiki. Kuanzia Februari hadi Oktoba, ukitoa wiki za kuugua, misiba na sikukuu, anabaki na wiki kama 36. Saa 360. Akibeba masomo tisa, kila moja linapata saa 40, na hapo silabasi ni ya miaka minne. Akibeba matatu, kila moja linapata 120. Akibeba mawili, 180.

Saa 40 haziwezi kuivusha Kemia ya F. Saa 180 zinaweza, kama zinatumika kwa pasti pepa na siyo kunakili noti upya kwa rangi tatu.

Kwa kidato cha sita hesabu kwa pepa: Fizikia, Kemia na Baiolojia zina pepa tatu kila moja, ya tatu ikiwa ya vitendo, na masomo mengi ya sanaa yana mbili. PCB nzima ni pepa tisa kabla hujagusa GS na BAM. Kwa mtu anayefanya kazi mchana, kurudia PCB yote ndani ya miezi tisa sijui kwa nini vituo huwa vinashauri kirahisi hivyo. Pengine najua.

Kumbuka pia kwamba mtahiniwa wa kujitegemea hana alama za maendeleo ya shuleni za kumbeba. Atakachoandika kwenye pepa ndicho hichohicho.

Kanuni ninayoitumia: anayefanya kazi kutwa asizidi masomo mawili ya sayansi au matatu ya sanaa. Asiye na kazi anaweza kuongeza moja. Zaidi ya hapo awe na sababu anayoweza kuieleza kwa sentensi moja, na "ili kuwa salama" haihesabiki kama sababu.

Hatua ya tano: chagua akiba kwa jicho kali

Somo la akiba liwe na sifa mbili: lifungue mlango ambao masomo yako makuu hayafungui, na liwe karibu na daraja unalotaka. Kiingereza kwenye mfano wa HGK na HKL kinakidhi. Uraia wa C hauna cha kukuongezea hata ukiupandisha hadi A, kama kombi yako haiutumii. Wengi huchagua akiba kwa sababu "nalipenda" au "ni rahisi", wakajikuta na B nzuri ambayo hakuna chuo kinachoiuliza.

Anza mwaka na somo la akiba. Mwezi wa saba, jipe pasti pepa mbili za kila somo, usahihishiwe na mwalimu asiyekuonea huruma. Kama somo kuu liko nyuma, akiba unaiacha. Ukishalipia usajili inauma, lakini ni afadhali kupoteza hela ya somo moja kuliko kupoteza daraja la somo kuu.

Hatua ya sita: kituo na usajili

Usajili wa mtihani wa kidato cha nne wa Novemba hufanyika mapema mwaka huohuo. Usajili wa kidato cha sita hufanyika mwaka unaotangulia mtihani wa Mei. Yaani matokeo yakitoka Julai, dirisha la kuomba chuo na dirisha la kurisiti hukimbia pamoja, kwa hiyo hesabu ya hatua ya pili uifanye wiki ileile. Ukichelewa unalipa faini, ukichelewa zaidi unasubiri mwaka. Tarehe kamili zitazame kwenye tangazo la NECTA la mwaka husika, usitegemee za kaka yako.

Kabla ya kulipa kituoni, uliza maabara. Omba uione. Kituo kinachokwambia "praktiko tutafanya karibu na mtihani" kimekujibu tayari. Uliza pia kama ada ya kituo na ada ya NECTA ni vitu viwili tofauti, kwa sababu ni viwili, na risiti ziwe mbili. Kituo hukupa namba rejea, unajisajili kwenye mfumo wa NECTA, unapata kontroli namba, unalipia. Ukimaliza, chapisha fomu na uhakiki masomo moja baada ya jingine.

Majina yawe yaleyale ya cheti cha kwanza, herufi kwa herufi. Mohamed wa cheti cha kwanza akigeuka Mohammed kwenye cha pili, chuo kitamdai hati ya kiapo.

Wakati mwingine jibu ni sifuri

Mwenye prinsipali moja na S moja kwenye kidato cha sita ana sifa ya kuomba diploma moja kwa moja. Yule wa Historia D, Jiografia E, Kiingereza S anaweza kuanza diploma mwaka huu, akaimaliza kwa GPA ya 3.0, akaomba shahada akiwa na ujuzi mkononi. Chuo Kikuu Huria nacho kina kozi ya msingi kwa waliokaribia sifa. Mimi nagawa hivi: ukipungukiwa na somo moja au mawili, na kozi yako haipatikani kwa njia nyingine, risiti. Ukipungukiwa na yote matatu, diploma inakupa zaidi kwa muda uleule, na usione kwamba umeshushwa.

Kuna jambo moja ambalo wazazi hulichanganya: kurisiti kombi uliyoisoma na kuanza kombi mpya kama mtahiniwa wa kujitegemea ni kazi mbili tofauti. Kubadili kutoka PCB kwenda HGL "kwa sababu sanaa ni rahisi" maana yake ni kusoma silabasi ya miaka miwili kuanzia sifuri, na insha za Historia hazimsamehei aliyezoea kujibu kwa mistari mitatu. Likikulazimu, panga miaka miwili.

Matokeo yakitoka

Namba yako ya shuleni huanza na S, ya kituo cha kujitegemea huanza na P. Mfumo wa maombi wa chuo una sehemu ya kuongeza mtihani mwingine: ingiza namba zote mbili, na mwaka wa kila moja. Wapo wanaoingiza ya mwisho peke yake, mfumo unawaona na masomo mawili tu, wanakataliwa. Ikiwa somo ulilorisiti limeshuka, daraja la zamani bado ni lako. Kama kozi unayoiomba ina ushindani mkubwa, piga simu ofisi ya udahili uulize wanavyopokea matokeo ya mitihani miwili, uandike jina la aliyekujibu na tarehe. Vyeti vyote viwili viwe tayari siku ya kuripoti, maana watavitaka halisi, siyo nakala.